Orodha ya Wanaosubiri

Mwalimu wetu wa programu alitembea na kibano kidogo cha chuma mfukoni mwa gauni lake. Kipindi kikiisha, kabla vumbi la chaki halijatulia, alisimama dirishani penye mwanga, akaligeuza kope la jicho la kushoto kwa kidole kimoja, akang'oa unywele, kisha mwingine, kisha mwingine. Hakujificha. Sisi ndio tuliogeuza nyuso. Kope zake zilikuwa zimepinda kwa ndani na kila alipopepesa zilikwaruza kioo cha jicho. Aliyekulia vijijini kwetu, penye ng'ombe wengi na maji machache, anaujua ugonjwa huo. Tunauita vikope, na tunajua unakoishia: jicho linaota kovu, kovu linaenea, mtu anabaki anaona weupe bila kuona sura.

Namwandika kwa sababu jicho lile la kushoto lilipotea, na lilipotea kwenye orodha niliyoitengeneza mimi.

Chuo chenyewe kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu pale Utemini, mjini Singida, kati ya duka la mbegu na fundi wa kuchomelea vyuma. Kompyuta zilikuwa kumi, zilizowaka zilikuwa sita. Umeme ukikatika, walimu wengine walituruhusu kwenda nyumbani. Yeye alifunga mlango. "Sasa tunaweza kufikiri," alisema, akachukua chaki, akaandika programu nzima ubaoni, kisha akatuamuru tuiendeshe kwa midomo, mstari kwa mstari, kila mtu akisema kwa sauti kinachotokea. Ukisema "hapa inafanya ile kazi yake," alikusimamisha. "Kazi gani? Itaje." Upepo wa Singida ulipiga bati juu yetu, mashine za jirani zikilia, na wewe umesimama, jasho linakutoka, unataja.

Hakutuita kwa majina. Alituita kwa nafasi tulizokaa, na alianza kuhesabu na sifuri, kama mashine zinavyohesabu. Kijana aliyekaa mwanzo wa benchi alilalamika wiki ya kwanza.

"Mwalimu, yaani mimi ni sifuri?"

"Wewe ni wa kwanza. Unalilia nini?"

"Nyumbani watasemaje?"

"Wakija nitawapa na wao namba."

Mimi nilikuwa Tatu. Nilikuwa Tatu kwa miaka miwili, na nilipoanza kupenda kuitwa hivyo sikumwambia mtu.

Salamu kwake ilikuwa sheria. Mwenzetu mmoja aliingia mbio na swali mdomoni, akalimwaga lote bila kusema shikamoo. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamrudisha nje, akamwambia aingie tena kama mtu aliyelelewa. Yule akatoka, akabisha hodi, akaamkia, akaitikiwa marahaba, kisha akasimama katikati ya darasa ametoa macho. Swali lilikuwa limemtoka kichwani. "Basi halikuwa swali," alisema Mwalimu, na kipindi kikaendelea.

Kipindi cha orodha alikifundisha kwa mabenchi. Aliwakalisha watu watano kwenye benchi la watu watano, akasema hiyo ndiyo safu: fundi seremala ameshaamua, wa sita hana pa kukaa. Kisha akamwita wa sita. Tukaangaliana. Akatuma wawili wakalete benchi refu la nje, lile la wageni, akaamuru wote watano wasimame, wahamie kwa mpangilio uleule, ndipo wa sita akae. Tulicheka kwa sababu benchi lilikuwa zito na wabebaji walikuwa wanagombana mlangoni.

"Chekeni," alisema. "Hiyo ndiyo orodha inayojiongeza. Mnaiambia 'ongeza mtu' mnadhani inafanya uchawi. Hakuna uchawi. Kuna aliyebeba benchi."

Kisha akamwinua aliyekaa katikati, akamtoa. Waliobaki wakasogea kuziba pengo bila kuambiwa, kama watu wote wa kwetu wanavyosogea kwenye benchi la zahanati anapoingia mmoja kwa daktari. Akatuonyesha kwa kidole nani alikuwa wapi na sasa yuko wapi. "Ukitoa mtu, nyuma yake wote wamehama. Usitoe watu huku unatembea kutoka mbele. Benchi linasogea chini ya kidole chako. Anzia mwisho." Nililiandika daftarini na kulipigia mstari mara mbili.

Alikuwa mkali kuhusu woga. Mtu akiogopa kubonyeza kitufe cha kuendesha programu, alimpigia kelele mpaka abonyeze. Lakini mwenyewe hakuweza kuchinja kuku. Sikukuu ilipofika alimpelekea kuku jirani yake amchinje, kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama ameelekea ukutani mpaka kimya kirudi. Jirani huyo alitusimulia akicheka. Mwalimu alikuwepo, hakukana. Alisema tu, "Kisu kina mwenye mkono wake, si mimi," akaomba tubadilishe mazungumzo.

Na huyo ndiye aliyekuwa anasubiri kisu.

Nesi wa kitengo cha macho hospitalini, ambaye wote tulimwita Sista, alikuwa amemfuata miaka mitatu. Kila mwaka madaktari wa upasuaji wa kope walikuja kwa siku chache, na kila mwaka Mwalimu alimwambia mwakani. Mwaka wangu wa pili chuoni, Sista alikuja na daftari lenye majina themanini aliyoyakusanya kijiji kwa kijiji. Alitaka kila mtu apate ujumbe kwenye simu wa kumwambia siku yake: ishirini Jumatatu, ishirini Jumanne, hivyo hivyo mpaka Alhamisi, kwa namba zao za daftarini. Akanivuta pembeni akanionyesha jina la pili kwenye ukurasa wa kwanza, limeandikwa kwa mwandiko ulionyooka niliokuwa nauona ubaoni kila siku.

"Kajiandika mwenyewe," alisema. "Sijui nini kimempata. Namshukuru Mungu tu. Daktari aliyemwona mara ya mwisho alisema jicho la kushoto halina mwaka mwingine. Sasa wewe binti, hakikisha ujumbe unamfikia, kwa sababu akipata upenyo wa kukimbia atakimbia."

Kazi ya kutengeneza programu Mwalimu alinipa mimi. Nilifanya kwa siku tano na sijawahi kufanya kazi kwa furaha namna ile. Katika lugha tuliyofundishwa unakiunda kila kitu kama mwenye nyumba yake: mgonjwa analijua jina lake, simu yake, kijiji chake, orodha inawajua wanaosubiri. Niliunda mgonjwa, nikampa kitendo nilichokiita "mwite". Ndani ya "mwite" kulikuwa na kazi tatu: kutuma ujumbe, kuandika saa, na kumtoa aliyeitwa kwenye orodha ya wanaosubiri. Hivyo mzunguko wangu mkuu ukabaki mistari mitatu, safi kama uwanja uliofagiliwa asubuhi. Anza wa kwanza, mwite, nenda anayefuata. Hakuna mahali palipoandikwa "toa". Kutoa kulikuwa kumejificha ndani, na mimi niliyeficha nilikuwa nimesahau.

Ijumaa mchana nilimpelekea akague. Hospitali ilitaka saini ya mwalimu chini ya karatasi yenye maneno "programu imekaguliwa".

"Umejaribu?" aliuliza.

"Nimejaribu, Mwalimu."

"Na wangapi?"

"Kumi."

Nilikuwa nimejaribu na mtu mmoja. Niliweka namba yangu mwenyewe, nikabonyeza, simu yangu ikalia kwenye meza, nikaruka kwa furaha, nikafunga. Kumi ilinitoka mdomoni kwa sababu ilikuwa namba inayofaa kusemwa mbele yake.

Alikaa mbele ya kompyuta yangu muda mrefu, uso karibu na kioo. Nilimsubiri aseme "itaje". Hakusema. Alichukua kalamu akaweka saini.

Nilibonyeza saa tisa alasiri. Maandishi yakaja: kazi imekamilika. Sikuiuliza orodha ina wangapi waliobaki.

Jumatatu walikuja hospitalini watu kumi. Sista aliangalia barabara. "Alizeti," alisema. "Wako shamba wanavuna. Watakuja." Mwalimu hakuwa miongoni mwa waliokuja, na siku yake ilikuwa hiyo. Sista alipiga mikono mapajani. "Nilikwambia. Kakimbia tena."

Na mimi nikaamini. Nilikaa kwenye meza yangu ya kuandikisha waliofika, nikajiambia kwamba mwanamke anayetukemea tukiogopa amejifungia nyumbani, na nitasema uongo nikisema sikujisikia mkubwa kidogo.

Jumanne walikuja kumi. Kufika saa nne madaktari walikuwa wanakunywa chai. Mkubwa wao, mtu mrefu asiyependa kukaa, alisimama mlangoni.

"Sista, watu wa huku hawataki kuona?"

"Wanataka, daktari."

"Mbona waliokuja ni viti tu?"

Wenzake walicheka. Sista hakucheka. Aliniangalia mimi, nikasema mtandao. Vijijini watu hupanda juu ya mawe makubwa kutafuta mtandao, kila mtu anajua. Sista akasema ndiyo, huenda ni mtandao.

Jumatano asubuhi aliingia mzee mmoja kutoka kijiji cha Mkiwa, kofia mkononi, macho yanamtiririka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mimi ni arobaini na saba."

Nilimtafuta, nikamwona, nikaweka alama. Hakuondoka mezani.

"Nina neno. Mke wangu hajaitwa. Tuliandikwa pamoja, yeye nyuma yangu, arobaini na nane. Analia tangu Ijumaa. Anasema mmemwona macho yake hayafai."

"Labda mtandao, mzee. Simu yake iko wapi?"

Akaitoa mfukoni, simu ndogo iliyofungwa kwa mpira. "Hii hapa. Tuna moja. Wangu umeingia humu. Wake haujaingia. Mtandao unachagua mtu na mkewe?"

Nilishuka kwenye majina yote kwa kidole. Arobaini na tano amefika. Arobaini na sita hapana. Arobaini na saba amesimama mbele yangu. Wa kwanza alifika Jumatatu. Wa pili hapana. Wa tatu alifika. Niliinuka bila kumuaga mzee wa watu, nikapanda bodaboda, na njia nzima hadi Utemini nilikuwa naomba niwe nimekosea kuhesabu.

Alikuwa anafundisha. Alinitazama pale mlangoni kwa jicho moja, lingine limefumba, jekundu.

"Shikamoo, Mwalimu. Ujumbe ulikufikia?"

"Marahaba. Haujanifikia. Nasubiri."

"Siku yako ilikuwa Jumatatu."

Chaki ilibaki hewani. Nadhani alielewa kabla sijamaliza, kwa sababu hakuuliza chochote kuhusu yeye. Aliuliza, "Waliokuja ni nusu?"

"Nusu kamili."

"Sifuri, simamia darasa," alisema, akachukua mtandio wake.

Hospitalini Sista alimkimbilia akamshika mabega. "Mwalimu! Madaktari wamekaa bure, ingia sasa hivi, twende!"

"Orodha kwanza."

"Orodha itakusubiri, wewe ingia!"

"Watu arobaini wako majumbani wanadhani wamekataliwa. Niache nimalize hili."

Aliniuliza kama kompyuta ina chaji, kisha hakuitaka. Alikwenda kwenye benchi la kliniki nyingine, lenye watu watano wanaosubiri, akawaamkia wakubwa na kuwaomba msaada kidogo.

"Msaada wa nini, mama?" aliuliza mzee wa mbele.

"Kuna watu wamepotea. Tunataka kujua walipotelea wapi. Huyu binti akikunyooshea kidole, simama ukae kule."

Akaniambia niwe programu yangu. Niliinua kidole, nikasema, "Wa kwanza." Mzee akasimama. Benchi zima likasogea kuziba nafasi yake, mapaja yakisuguana na mbao, kama kawaida. Nikasema, "Wa pili," nikanyoosha kidole kwenye nafasi ya pili, na bibi mwenye kanga ya bluu akasimama.

"He!" alisema mama mwenye kikapu aliyekaa mbele yake. "Binti, na mimi je? Huyu kanivuka kweupe!"

"Labda hana haja na wewe," alisema mzee wa kwanza, na benchi likaangua kicheko.

Mimi sikuweza kucheka. Nilisema "wa tatu", na aliyesimama alikuwa wa mwisho. Mama mwenye kikapu na kijana mmoja walibaki wamekaa, wananitazama.

"Imetosha," alisema Mwalimu. "Tatu, 'mwite' yako inafanya kazi ngapi?"

Nilizitaja. Ilipofika ya tatu, kumtoa aliyeitwa, nikakishusha kidole.

Nilibadilisha mstari mmoja, nikaanzia mwisho. Alinifanya nijaribu na watu walewale watano. Nilinyoosha kidole wa tano, wa nne, wa tatu, na hakuna aliyehama, kwa sababu nyuma ya kila aliyesimama hapakuwa na mtu wa kusogea. Wote watano wakasimama. Ndipo akaniruhusu kubonyeza.

Wote niliowaruka waliitwa Alhamisi, kila mtu na saa yake, na kwa kuwa nilianzia mwisho, wa themanini alipata saa ya kwanza. Mwalimu, wa pili daftarini, alipata ya mwisho kabisa: Alhamisi saa tisa alasiri.

"Mwalimu, nikuweke mbele. Ni neno moja tu nibadilishe."

"Usiiguse."

"Lakini madaktari wanaondoka—"

"Nimesema usiiguse."

Wengine hawakupatikana kwenye simu. Sista aliwapigia watendaji wa vijiji, watendaji wakatuma watu. Mzee wa Mkiwa alikataa kuingia kwa daktari bila mke wake; alipanda basi akarudi kumchukua. Alhamisi walifika mapema, mama amejifunga kanga mpya, ananitazama kama mtu anayetaka kuniuliza jambo na anaona haya. Nilimwamkia nikashindwa kumwangalia. Waliingia mmoja baada ya mwingine, wakatoka na bandeji, wakaongozana ukutani wanacheka kwa kugongana.

Siku hiyo benchi lilijaa mpaka mlangoni. Wa siku yao walikuwepo, wangu niliowaruka walikuwepo, na waliofika kwa kuchelewa. Mwalimu alikaa mwisho kabisa, mikono mapajani. Kila aliyeingia, alisogea nafasi moja. Saa tisa walikuwa mbele yake saba. Saa kumi walikuwa watatu. Gari la madaktari liligeuzwa likaelekezwa getini, dereva akaanza kupakia masanduku. Sista aliingia ndani, nikamsikia akibembeleza, na daktari mrefu akisema wanatakiwa kulala mkoa mwingine. Walichukua mmoja. Walichukua mwingine. Nilikuwa nimesimama kando ya benchi. Waliingiza wa tatu, na benchi likabaki na Mwalimu peke yake.

Saa kumi na nusu daktari mrefu alitoka, glovu mkononi. Sista alikuwa bado ndani akifunga bandeji.

"Kuna aliyebaki?"

Nilimgeukia Mwalimu. Alikuwa ameshasimama, mtandio begani, kama mtu aliyemsindikiza ndugu.

"Hakuna," alisema.

Daktari alinitazama mimi niliyekuwa na orodha. Ilikuwa wazi mbele yangu. Ilikuwa na jina moja.

Sikusema kitu. Daktari akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani, na baada ya dakika chache nilisikia vyombo vikimiminwa kwenye sanduku. Sista alipotoka na kuliona benchi tupu alipiga ukelele ambao mpaka leo sipendi kuukumbuka. Mwalimu alikuwa ameshavuka geti.

Ilichukua zaidi ya mwaka Sista kumpeleka kwingine kwa nguvu. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilikuwa limeshaota kovu.

Niliacha programu. Nilihama, nikaanza kuandika hadithi, na kwa miaka nilimbeba Mwalimu kama mwanamke aliyesimama kwenye benchi akasema hakuna ili kulipa deni la watu arobaini. Nilimpenda hivyo. Niliwasimulia watu hivyo, wakanyamaza kwa heshima.

Mwaka huu nilirudi Singida, nikaenda kwake. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi juu ya turubai. Nilisema shikamoo nikiwa bado getini, na vidole vyake vikasimama.

"Marahaba. Nimesikia unaandika hadithi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mimi nimo?"

"Bado."

"Ukiniweka, jina usitaje. Nina wanafunzi."

Nilikaa chini, nikachukua hindi, nikaanza kupukuchua naye. Tulizungumza habari za mvua, za chuo, za Sista aliyestaafu. Kisha nilisema, kwa sababu nilijua nikiondoka bila kusema sitarudi tena, "Mwalimu, siku ile ya saini nilikudanganya. Sikujaribu na kumi. Nilijaribu na mtu mmoja."

Aliendelea kupukuchua. "Mmoja hawezi kurukwa," alisema.

"Ulijua?"

"Ningejua ningesaini?" Alimwaga punje, akachukua hindi jingine. "Nilikuwa sioni kioo. Macho yote mawili yalikuwa na moto mwezi ule, naona weupe tu. Ningekwambia unisomee. Ungenisomea hiyo 'mwite' yako mstari kwa mstari, ningeisikia ikitoa mtu. Lakini ningesemaje? Mwalimu anayewatajisha watu mistari, mwenyewe haoni mstari. Nikakaa pale nikahesabu muda unaofaa mtu kuwa anasoma. Kisha nikaomba Mungu saini iangukie kwenye karatasi."

Upepo ulipeperusha maganda upande wake wa kushoto. Mimi niliyaangalia. Yeye alisubiri yapite.

"Na Alhamisi?" niliuliza. "Uliposema hakuna?"

"Alhamisi niliogopa kisu."

"Nilidhani umejitoa kwa ajili ya wale watu."

"Nilikuona unadhani. Ulikuwa na uso wa mtu yuko kanisani. Nikakuacha udhani, ilinifaa." Alicheka kidogo, bila furaha. "Tangu Jumatano, Sista aliponivuta, nilikuwa nashukuru kila aliyekaa mbele yangu. Usije ukaniandika mtakatifu."

"Lakini mimi nilikuwa na orodha. Daktari aliniangalia. Nilikuona umebaki na nikanyamaza."

"Hilo nimelifikiri miaka yote," alisema. Akaweka hindi chini. "Kwa nini ulinyamaza, mwanangu?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri niliyoyaandika kwa miaka. Heshima. Amri yake ya kutoigusa orodha. Nilitafuta moja la kumpa na yote yakawa mepesi mdomoni.

"Nilitaka siku iishe," nilisema.

Jirani alikuwa anamwita mtoto aje kuoga. Mwalimu alikunja turubai juu ya mahindi, akaliwekea jiwe, akajifuta mikono kwenye gauni, akasimama.

"Iliisha," alisema. "Twende ndani, upepo huu una mchanga. Nishike mkono hapa mlangoni, ngazi siioni vizuri."

Nilimshika mkono wa kulia. Ulikuwa mkavu, una unga wa mahindi.

"Siyo huko," alisema. "Huko naona. Kaa kushoto."

Nikahamia kushoto.